Gemu ya mpangaji wangu ilivyonitoa siri ya jabia

Salamu wakuu. Mimi ni Shee, mzee wa Faza, shule niliachia darasa la tatu, makosa ya kuandika mtanisamehe. Ila ninayosema ni kweli tupu, na atakayenitukana ana haki yake.

Nina mpangaji, Mwalimu Mutua, mtu wa bara. Mpole, hana jamaa hapa. Ndengu zake anaziunguza kila siku, harufu mpaka chumbani kwangu. Hayo tuyaache.

Akitoka shule anacheza gemu kwenye laptop. Si ya kupigana. Picha zimesimama, watu wanaongea kwa maandishi, wewe unachagua jibu. Nti, yaani nchi yote, imeharibika, watu wanaishi chini ya ardhi. Kuna msichana kafungiwa shimoni peke yake, anaongea kwa redio na mtu wa juu. Mwalimu ananitafsiria, mimi nanywa kahawa.

Siku hiyo msichana akauliza, "Bado upo?"

Majibu mawili: mjibu, au nyamaza.

"Tunyamaze tuone, mzee," Mwalimu akacheka.

"Mjibu!"

"Ni gemu tu! Tukikosea tunarudi nyuma. Mbona unapiga kelele?"

Kahawa ilinimwagikia mapajani na sina habari.

Wakuu, zamani mimi na ndugu yangu Athmani tulikuwa tukisafisha majabia, yale matangi ya chini ya ardhi ya kuwekea maji ya mvua. Mmoja anashuka kukwangua tope, mwingine anabaki juu na kamba mbili, ya ndoo na ya kiunoni mwa mwenzake. Sheria yetu: kila ndoo, wa juu anaita, wa chini anaitika "Naam". Asipoitika, mvute haraka. Tangi likikaa limefungwa huwa na hewa mbaya.

Asubuhi ile tuligombana. Eti kwa sababu alivunja mpini wa jembe langu! Nikanuna. Nikawa navuta ndoo bila kumwita.

Yeye ndiye akaniita. Mara mbili. Nikasema moyoni, acha naye aonje.

Ndoo iliyofuata ilikuja tupu. Nilipomvuta, alikuwa ameshakwenda.

Watu niliwaambia nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Mjane wake, Bi Zainabu, akalishika neno hilo. "Alhamdulillahi, alikufa akisikia sauti ya nduguye." Miaka yote hiyo kila Ijumaa akiniletea vitumbua.

Nami nikivila, wakuu.

Basi kesho yake baada ya ile gemu nikapanda boda hadi Mbwajumali, kwa Bi Zainabu. Nilimkuta akichambua kunde.

"Shemeji! Leo umepotea ndia?"

Nikamwambia yote. Mikono yake ikasimama ndani ya kunde.

"Aliita mara ngapi?"

"Mbili."

"Akisemaje?"

"Shee, upo?"

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilingoja mpaka adhana ya alasiri. Kisha nikarudi Faza.

Ijumaa tatu zimepita. Vitumbua havijaja.

Mwalimu anasema nimefanya vyema. Mimi sijui. Mimi nimetua mzigo, na yeye, aliyekuwa akilala vizuri miaka yote, sasa anamsikia mumewe akiita na hakuna wa kumwitikia.

Nilichojifunza: mtu wako akikuita, itika, hata kama umemnunia. Hilo nina hakika nalo.

La pili nawauliza nyinyi: ningenyamaza nalo mpaka kaburini? Semeni bila kunionea haya. Nasoma pole pole, kwa kidole, lakini nitasoma yote.