Nakala ya Nane

Mume wangu Cyriaque alikuwa na sheria moja ambayo alitaka Wakongo wote wa Birmingham waifuate, kisha yeye mwenyewe akaja kuivunja. Nitaieleza habari hii nikiwa bado nimekasirika, maana nikingoja hasira iishe nitaanza kumtetea.

Kazi yake ilikuwa kusafisha wodi katika hospitali moja ya Edgbaston. Kule mjini Baraka, kwetu Kongo, kabla ya vita, alikuwa karani wa shule, na ukarani haukumtoka. Mwaka 2005 tulinunua kompyuta kuukuu kwenye duka la Soho Road, ikawekwa sebuleni kwetu Handsworth, mahali palipokuwa pa kabati langu la vyombo. Kabati likapandishwa chumbani, juu. Tangu siku hiyo nikitaka kikombe napanda ngazi.

Alichofanya kwenye kompyuta hiyo ni kutafuta kurasa za mtandao zinazotaja kwetu: habari za vijiji, majina ya waliofika kambini, taarifa za mashirika ya misaada. Aligundua kwamba kurasa hizo hazidumu. Unasoma leo, mwezi ujao unarudi huoni kitu. Basi akapata programu ndogo ya bure iliyohifadhi ukurasa mzima, maneno na picha zake, tena ilikuruhusu kupaka rangi ya njano penye maana na kubandika vijikaratasi vya maoni pembeni. Nakala alizitia kwenye CD akazigawa kanisani Jumapili, nyingine akazituma kwa barua pepe mpaka Leeds na Glasgow. Kila aliyeipata aliongeza anachojua: huyu ni fundi Makungu, daraja hili lilishavunjika, mtoto huyu sasa yuko Kanada. Nakala ikirudi, Cyriaque aliipa namba mpya akaisambaza tena.

Sheria yenyewe aliiandika kwa herufi nyekundu juu ya kila nakala: ONGEZA, USIFUTE. Jamaa mmoja, Landry, aliwahi kufuta maoni ya shemeji yake kwa sababu walikuwa wamegombana. Cyriaque alimfokea mlangoni mwa kanisa mpaka mchungaji akatoka kutazama kuna nini. Alisema mtu akishaandika alichokiona kwa macho yake, hakuna mwenye ruhusa ya kumfutia. Nilimvuta koti anyamaze, lakini moyoni nilijivunia kuwa mke wake.

Mwisho wa mwaka ule akapata ukurasa wa maji. Shirika fulani lilikuwa limejenga tangi katika kambi moja ya upande wa Kigoma, likaweka picha ya kina mama wamepanga foleni na madumu yao. Rafiki yangu Immaculée, anayekaa Stechford, alipoiona aliishika kompyuta kwa mikono miwili. Alikuwa anamtazama mwanamke wa pili kutoka kulia, aliyegeuza uso kidogo, mkono wa kushoto kiunoni.

"Ni mama," alisema. "Huo mkono anaushika hivyo tangu siku alianguka. Mama Marlène, huyu ni mama yangu. Mimi nitakosa kumjua?" Alituita mimi na Cyriaque kwa jina la binti yetu, Marlène.

Mama yake hakuwa ameonekana tangu mwaka 1998. Ndugu walikuwa wamemsukuma muda mrefu aweke matanga, amlilie mama yake, yaishe, na alikuwa amekubali. Picha ile ilisimamisha matanga. Cyriaque alibandika maneno yake pembeni, akaliandikia shirika barua tatu, hakujibiwa hata moja. Baada ya miezi miwili ukurasa ukaondolewa mtandaoni, tukabaki na nakala yetu. Immaculée alichapisha picha kubwa, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni kwake juu ya televisheni. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamsumbua.

"Hicho kitenge cha samaki sikijui," aliniambia siku moja. "Lakini kambini wanagawa nguo, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, wanagawa.

Kila Jumamosi alipanda mabasi mawili kuja kwetu, na chai hakuigusa kabla ya kuuliza.

"Papa Marlène, kuko mtu ameandika?"

"Bado, mama. Tungoje."

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2006, siku ya Jumanne, nilikuwa nafuta vumbi nikaamua kuifungua ile picha, nimwone huyo mama tuliyekwisha kumzoea. Nikakuta nakala mbili. Immaculée tulikuwa tunamwonyesha ya saba. Nikafungua ya nane, nikakuta kijikaratasi kipya chini ya maneno yake:

"Huyu ni mama yangu mzazi. Kitenge cha samaki nilimtumia mimi. Alifariki hapo kambini mwezi wa tatu. Sina picha yake hata moja. Anayetunza ukurasa huu, tafadhali anitumie hii, kubwa. Valérie, Glasgow."

Nikatazama tarehe. Ilikuwa imefika wiki tano nyuma. Jumamosi tano Immaculée amepanda mabasi yake, na Jumamosi tano mume wangu amemwambia tungoje.

Alipotoka kazini sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Papa Marlène, hii ni nini?"

Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Wewe ungemwambiaje?"

"Ningemwambia kama ilivyoandikwa!"

"Bon. Mwambie basi."

Akaenda kukaa jikoni gizani. Binti yetu Marlène, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kujibu hataki, alipiga kelele kutoka kwenye ngazi, "Just tell her, Dad!" Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilipika ugali mara mbili, wa kwanza uliungua. Kilichoniudhi kupita vyote ni zile herufi nyekundu. Ile nakala ya saba aliyokuwa akimwonyesha mwenzetu ilikuwa nazo pale juu, ONGEZA, USIFUTE, kana kwamba kuficha si kufuta.

Jumamosi Immaculée akaja. Akavua kofia, akakaa, akauliza swali lake. Cyriaque alifungua mdomo, akaanza, "Ba..." Hakumaliza. Nilimsukuma pembeni pamoja na kiti chake nikaifungua ya nane mwenyewe.

Immaculée alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudia kusoma. Nilikuwa nimeshika kitambaa tayari, nikijua atalia. Hakulia. Aliweka kidole kwenye tarehe.

"Hii ilifika wakati gani?"

"Mama, nilikuwa nangoja..."

"Wiki tano!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Huyu mtoto wa watu amefiwa, anaomba picha ya mama yake, na wewe unamnyamazia wiki tano? Kwa ajili yangu mimi?"

Cyriaque aliinamisha kichwa. Na mimi niliona aibu pia, maana kwa ghadhabu yangu yote ya siku nne sikuwa nimemfikiria Valérie hata mara moja.

"Futa maneno yangu," Immaculée akasema.

"Siwezi, mama," akajibu kwa sauti ndogo. "Sheria ni..."

"Ah! Leo ndiyo umeikumbuka sheria?" nikamwambia.

Immaculée akanitazama ninyamaze. "Basi ongeza. Andika: nilikosea. Pole sana, Valérie. Picha iko njiani."

Cyriaque alisema anaweza kuituma kwa barua pepe dakika ile ile, na akaituma, pamoja na maneno marefu ya kuomba msamaha. Immaculée akasema Valérie ameomba kubwa. Jumatatu akaja na fremu yake, ameifunga kwenye shuka. Valérie alikuwa amekwisha kumwandikia Cyriaque anwani, tukaenda mimi na Immaculée posta ya Soho Road, kwa Jasvir, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake hakijapata kutu.

"Ndani kuna nini, mama?"

"Picha. Picha ya mama."

"Ya mamako? Usijali, nitaandika kuna kioo, waibebe polepole."

Immaculée alikuwa ameishikilia bado. Jasvir akanyoosha mikono, akangoja.

"Si mama yangu," Immaculée akasema. "Ni mama ya Valérie." Hapo ndipo alipolia, foleni nzima nyuma yetu, na hakuna aliyetuharakisha.

Wiki ile ile ndugu zake walipiga simu. Walisema sasa basi, aweke matanga. Aliwajibu kwamba aliyekufa ni mama ya Valérie, kuhusu wa kwake hajaambiwa lolote, akakata simu. Nilipandwa na hasira upya, sijui na nani. Mwaka mzima wa mabasi, na mwanamke huyu amerudishwa pale pale alipoanzia, tena bila picha ukutani.

Jumamosi iliyofuata kengele ya mlango ililia saa ile ile. Akavua kofia, akakaa.

"Papa Marlène, kuko mtu ameandika?"

Cyriaque hakusema bado, hakusema tungoje. Alisimama, akampisha kiti chake mbele ya kompyuta, akamfungulia kila alichokuwa nacho asome mwenyewe. Mimi nikapanda juu kuchukua vikombe.