Washkaji waliniambia nibaki hotelini Lushoto nilinde mabegi, shikamoo ikanipandisha mpaka Irente

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa vitandani na wa maofisini. Hili jambo nimekaa nalo wiki nzima, leo nalitoa. Sijatia chumvi. Anayetaka chumvi aende jukwaa la siasa.

Mimi ni mtu wa Mbagala, umri arobaini na sita, kilo mia moja na ushee. Mwaka juzi bodaboda ilinigonga, mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili, nikawekewa chuma. Magongo nimetembelea miezi kumi na moja.

Nilipoyaacha nikabaki nachechemea, na hofu juu yake. Hata ngazi za ghorofa moja nilikuwa nazikwepa. Mke wangu hasemi kitu, ila nikitaka kunyanyuka tu namwona anajiandaa kunidaka. Inauma wakuu, asikwambie mtu.

Basi mwezi uliopita nikaenda Lushoto wikiendi na washkaji wawili niliosoma nao. Mmoja tunamwita Mangi, Mchaga wa Marangu. Mwingine Dullah, wa Dar kama mimi.

Ile barabara ya kupanda kutoka Mombo si mchezo. Huku mwamba, huku korongo, kona juu ya kona, masikio yanaziba. Ukifika juu hewa imebadilika, unaanza kuulizia sweta.

Mji wenyewe mdogo, umekaa bondeni, milima imeuzunguka, nyumba zimepandiana mpaka huko juu. Na kabichi zimelimwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi ningemwonea huruma. Mtu wa tambarare unabaki mdomo wazi.

Asubuhi tunakunywa chai, mpango ni kwenda Irente kwa miguu. Kwa wasiopajua, Irente ni pale mlima unapoishia ghafla, ukisimama unaiona nchi yote ya chini.

Mangi akanigeukia. "Mzee, wewe baki ulinde mabegi. Tutakuletea picha."

Dullah akacheka mpaka chai ikampalia. Nikasema moyoni, leo nafika, hata kwa kutambaa. Maana nilijua nikibaki siku ile, nitakuwa mtu wa kubaki mpaka nazikwa.

Nikawaambia naenda. Mangi akasema yeye mlima amezaliwa nao, hatamsubiri mtu. Kilima cha kwanza tu wakanipotea machoni.

Nikapanda mwenyewe. Dakika kumi jasho linatiririka na baridi lote lile, mguu unawaka, moyo unagonga kama mdai mlangoni. Nilikuwa nimeshaanza kutunga uongo wa kurudi nao hotelini.

Hapo akatokea bibi mmoja anashuka, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikasimama. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Za utokako?"

"Njema bibi."

"Wazima huko?"

"Wazima."

"Na mama watoto?"

"Hajambo."

"Na huo mguu umefanyaje?"

Nikamsimulia ajali yote. Akanipa pole, akamuulizia na yule wa bodaboda kama alipona. Mzigo uko kichwani muda wote, wala hatikisiki! Tulipomaliza, nashangaa pumzi imerudi na mguu umepoa.

Kisha akauliza, "Wale wawili waliotangulia ni wenzio?"

"Ndiyo bibi."

"Wamenipita kama wamepita mti. Wanatazama simu tu. Wameshika njia ya kushuka mtoni."

"Sasa bibi, mbona hukuwaambia?"

"Hawakunisalimia. Ningewaambia nini?"

Akanionyesha njia ya mashambani, ipo nyuma ya kanisa, akasema inakata kona zote. Nikampigia Mangi, hapatikani.

Wakuu, hapo ndipo akili ikanikaa sawa. Kule salamu hazikimbizwi, na wewe unayehema ndiyo pumziko lako hilo. Nikaanza kusalimia kila kiumbe. Wazee wa msikitini, akina mama wanang'oa karoti, fundi cherehani kibarazani. Kila salamu ni dakika tatu nne za kuvuta pumzi kwa heshima, na hakuna anayejua kwamba umechoka.

Mwisho nikapitiliza. Nimeishiwa pumzi kabisa, naona mzee ana ndevu nyeupe amebeba jembe. Nikapaza sauti, "Shikamoo mzee!"

Akasimama ananishangaa. "Kaka, mimi nina miaka thelathini na nane. Hizi mvi ni za ukoo. Shikamoo wewe!"

Aibu niliyoipata hapo! Nikaitikia marahaba, naye akaanza upya, za safari, za nyumbani, za Dar. Nikapumzika mara mbili kwa mtu mmoja. Akacheka sana, akanisindikiza hadi njia inapotokea barabarani.

Nikafika.

Wakuu, nilisimama kwenye ule mwamba, kijiji cha Mazinde kiko chini ya viatu vyangu, mabasi ya barabara kuu madogo kama punje za mchele, tambarare inakwenda mpaka macho yanachoka. Nikalia. Mwanaume mzima, kilo mia, nalia mbele ya wazungu wawili waliokuwa wanakula jibini. Sijali hata kidogo.

Baada ya kama saa nzima ndiyo hao wanatokea, Mangi katapakaa tope hadi magotini, Dullah kashika kiatu mkononi. Walishuka mpaka mtoni, ikabidi wapande yote upya.

Mangi ananiuliza kwa hasira, "Umekuja na boda?"

Nikamwambia mimi na boda tulishaachana zamani. Dullah akakaa chini kwa kicheko. Baadaye kidogo Mangi akaja akanishika bega, akasema, "Mzee, nimekukosea." Yameisha.

Nikampigia mke wangu. "Mama Salma, niko Irente, juu kabisa."

"Umepanda na gari gani?"

"Nimepanda kwa miguu yangu."

Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Yote miwili?"

"Yote miwili, mama."

Funzo langu, mlimani usishindane na njia, salimiana na wenye njia. Na wewe uliyeumia, ukaambiwa ukae pembeni wenzako wakuletee picha, usikubali. Nenda taratibu.

Haya, wa Lushoto nisahihisheni nilipokosea. Na wewe uliyewahi kumpa shikamoo mdogo wako, njoo uungame hapa, usiniache na aibu peke yangu.