Mama Nozeli na Ndege ya Seremala

Mtaa mzima ulimwita Mama Nozeli, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye benchi la chuma, na hapo alisafisha na kupima nozeli, vile vidude vinavyorushia injini mafuta kwa manyunyu. Akishasema nozeli ni nzima, basi ni nzima. Hakuna dereva aliyewahi kurudi kumbishia.

Aliyekuja kumbishia, ajabu ya dunia, ni mumewe wa ndoa.

Mumewe alikuwa seremala, na kwa miaka kadhaa alikuwa akijenga ndege ya watu wawili uani, pale pa kuanikia nguo. Mabawa ya mbao aliyachonga mwenyewe, akayang'arisha hata ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Injini aliitoa kwenye gari lililopondeka: ile ya kuzunguka, isiyo na pistoni, ndogo kwa umbo lakini nguvu zake si za mchezo. Mambo ya mafuta alimwachia mkewe. Mama Nozeli akafunga pampu mbili, moja ikigoma nyingine ishike kazi, akapima kila nozeli mpaka roho yake ikatulia.

Injini ikawaka, ikanguruma, majirani wakashangilia. Baada ya muda ikakohoa, ikazima. Seremala akafungua tangi, akachungulia: mafuta tele. Akafunga, akawasha, ikakubali. Ikanguruma tena, ikazima tena. Ikawa ndiyo tabia yake.

"Gari likizima unasogea kando ya barabara," mkaguzi wa ndege aliwaambia. "Huko juu hakuna kando. Nikija Jumamosi ikanizimia mbele ya macho yangu, kuruka msahau."

Siku hiyo mezani seremala akajikaza kiume.

"Mama watoto, sisemi kwa ubaya. Labda nozeli."

Kijiko cha Mama Nozeli kikasimama njiani. Angeambiwa mchuzi hauna chumvi angecheka, lakini hili lilimchoma hasa.

"Nozeli zangu?"

"Nimesema labda."

"Hiyo labda yako iweke hapo hapo. Nitakuja kuichukua."

Kesho yake akazifungua zote, akazipima upya mumewe akiwa anaona. Manyunyu yalitoka laini, sawasawa, hata nozeli moja haikudondosha. Akazirudisha, akawasha injini, akasimama kando amekunja mikono kama mama mkwe jikoni. Haikuchukua muda, ikazima. Seremala akaenda mbio kwenye tangi kama kawaida yake, lakini mkewe akamwahi.

"Leo nafungua mimi."

Alipozungusha kifuniko, tangi likavuta pumzi: fyuuu! Mama Nozeli akashtuka. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake, na ndiyo maana kifuniko huwa na tundu dogo. Bila hewa, pampu huvuta mpaka zinashindwa. Akakigeuza kifuniko huku na huku. Kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu, kinang'aa, na tundu hakuna.

"Baba watoto, hapa si palikuwa na tundu?"

"Lilikuwepo," seremala akajibu kwa fahari. "Baya kweli, utadhani la msumari. Nikaliziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Hata hulioni, si ndiyo?"

Mama Nozeli alicheka mpaka akakalia ndoo. Angemlaumuje mtu ambaye maisha yake yote hajatoa hata kiti kwenye karakana yake kikiwa na tundu?

"Umeliziba tangi pumzi, mume wangu! Kila ukilifungua kuchungulia, ndipo linapumua!"

Seremala akashika kichwa, kisha kicheko kikamshinda na yeye. Akachukua keekee yake nyembamba kuliko zote, akalitoboa upya kwa mkono wake.

Jumamosi mkaguzi alingoja injini izime mpaka akachoka, akaomba chai. Majaribio mengine yote yakafuata, yakapita salama, na hatimaye ikafika siku ya kupakia abiria. Uwanjani majirani walikuwa wamejaa.

"Basi panda, mama watoto," seremala akasema kutoka kiti cha rubani.

"Nimekuja kuchukua ile labda yako."

Seremala akajikuna shingo. "Ni nzima."

"Wa nyuma hawajasikia."

"Nozeli za mke wangu ni nzima!" akapaza sauti, uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Ndipo Mama Nozeli akapanda, akafunga mkanda, akamruhusu rubani wake waondoke.