Vitu vya Sapargul

Sapargul alishona makoti katika kiwanda kimoja jijini Bishkek kwa miaka ishirini na mitatu. Kiwanda kilipoyumba, wafanyakazi wakawa wanalipwa vitambaa badala ya fedha. Wenzake waliyapeleka majora yao sokoni. Yeye yake aliyaweka ndani, akisema yatafaa. Baadaye yakafuata makoti ya marehemu mama yake, chupa tupu za achari, magazeti, na maboksi ya televisheni zilizokufa zamani. Mwishowe vyumba vyake viwili vya ghorofa ya nne vikabakiwa na njia moja tu, ya kupita kiubavu, kutoka kitandani hadi mlangoni. Roshani ilijaa majora mpaka mlango wake haufunguki.

Mumewe, Turdakun, dereva mstaafu wa basi la umeme, hakuwahi kumgombeza. Miguu ilipomwishia nguvu, alipita njia ile kwa kushikilia marundo.

Vuli ile akaja afisa wa zimamoto, akikagua nyumba hadi nyumba. Alisimama mlangoni kwa sababu hapakuwa na pa kuingia.

"Mama, moshi ukijaa humu, mzee atatokea wapi?"

"Atatokea anapotokea siku zote."

"Siku zote anaona njia."

Turdakun alidakia kutoka chumbani. "Mwache, afande. Hata mimi nimewekwa humu, huenda nikafaa."

Walicheka wote. Afisa aliandika kwamba ujia na roshani viondolewe vitu, Sapargul akatia sahihi, kisha akaiweka ile karatasi juu ya magazeti.

Januari, saa nane mchana, alishuka kununua mkate na dawa za mumewe. Aliporudi alikuta watu uani wameinua nyuso. Mtu wa ghorofa ya juu alikuwa ametupa kipande cha sigara, kikaangukia roshani yake, na vile vitambaa vikawaka. Jirani yake Burmakan alimshika mkono, na Sapargul akaacha ushikwe.

Zimamoto walivunja kitasa, lakini mlango ulifunguka upana wa kiganja tu, kisha ukakwama. Rundo lilikuwa limeanguka nyuma yake. Ikabidi wavute kitu kimoja kimoja kupitia upenyo ule, na vingine wakavitupa chini kupitia dirisha la ngazi. Sapargul alivitambua vyote vilivyoanguka kwenye theluji. Turdakun walimkuta ujiani, chini ya magazeti. Moto haukumfikia, moshi ulitangulia. Mmoja wao alisema mzee alikuwa amebakiza hatua nne. Sapargul aliuliza kama alikuwa amevaa makubazi.

Msibani, wanawake walilia kwa sauti ndani ya hema lililosimamishwa uani. Yeye alikaa mahali pa mjane, akafungua kinywa kama wenzake, sauti haikutoka. Binti yake, Zamira, akamchukua kwake.

Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja Zamira akamuuliza, "Mama, ulipotoka ulimwambia nini baba?"

"Nilimwambia asiguse kitu."

Siku zilizofuata, Sapargul alikunywa chai alipopewa, akalala alipoambiwa alale. Machi wafanyakazi walikwenda kwenye vyumba vyake kuhamisha vitu vilivyosalia, wakajaza lori mara tatu. Zamira alimpigia simu kutoka kule, akataka kujua kama kuna chochote angependa awekewe.

Sapargul akasema hakuna. Akakata simu, akaendelea kumenya viazi.