Aliyenipita Njia ya Katumba Songwe

Hii sikusimuliwa na mtu. Wengi wanaopenda kuongea habari za namna hii utawasikia wakisema jirani aliona, shemeji aliona, mtu fulani wa Ipinda aliona. Mimi niliona kwa macho haya, jua likiwa bado juu ya milima ya upande wa Malawi, sijanywa kitu, siumwi homa. Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unyamaze nikueleze.

Miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuonekana tena madukani, mume wangu Ambakisye alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza pale Ngonga kuwa na pikipiki yake mwenyewe. Siyo ya misheni, siyo ya bwana shamba. Yake. Ilikuwa ya Kijapani, tangi jekundu, ya zile za kuchanganya oili kwenye petroli, ikipita inaacha moshi wa bluu na harufu inayokaa njiani mpaka mpitaji ameshafika kwake. Bomba la ndani la ekzosi alikuwa ameling'oa, kwa hiyo kila akiachia mafuta kona ikikaribia, ilikuwa inapasuka pa-pa-pa kama mahindi kwenye kikaango. Mama mkwe alikuwa akiisikia toka mbali anaanza kupakua chakula.

Kama hujawahi kuishi na mtu wa pikipiki hutanielewa vizuri. Jumamosi yote anashinda mjini Kyela kwa Fundi Saidi, mtu ambaye wazee wake walitoka pwani wakaja kufungua duka na gereji. Pale kwenye baraza ya bati walikuwa wanakaa vijana watano sita, mikono myeusi kwa grisi, wanabishana. Sproketi ndogo ya nyuma inakupa mbio lakini itakuumbua ukipanda Tukuyu. Plagi hii inachoma vizuri, ile inaziba. Nani alipita kona ya Ipinda bila kugusa breki, na nani anasema uongo. Jumapili wakitoka kanisani, na wale Waislamu wakiwa wameshakula, wote wanateremka ziwani. Maji yakishuka huacha ukanda wa mchanga mgumu, umelowa, sawa kama sakafu. Hapo ndipo walipokuwa wanashindana. Mimi nilikuwa nakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikimwangalia. Alikuwa na mtindo wake: kabla ya kushusha gia anautoa mguu wa kushoto pembeni, anaukung'uta kama mtu aliyekanyaga maji, halafu anaurudisha. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Walimcheka, na aliwapita.

Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Pale pale mchangani, yeye nyuma, mikono yake juu ya mikono yangu. Alisema klachi niishike kama ninavyoshika kifaranga, nisikiache, nisikibane. Watu walikuwa wanapita wanashangaa mwanamke aliyevaa suruali ndani ya kitenge. Yeye alikuwa anacheka, kidevu chake kwenye bega langu. Injini ile ilikuwa inatetemesha kiti mpaka mapaja yanawasha, na ukishuka bado unahisi mwili unatikisika.

Hatukuwa tumekaa muda mrefu pamoja. Mvua za masika zikaja kubwa, akaenda upande wa Ipinda kumtazama dada yake, na wakati wa kurudi akakuta Mto Mbaka umejaa. Waliokuwa ng'ambo walimpungia mikono asivuke. Daraja la magogo lilikuwa bado linaonekana, na nadhani yeye alihesabia mbio zake. Lilikatika akiwa katikati. Pikipiki ilionekana maji yaliposhuka, imefukiwa na mchanga, usukani tu umetokeza. Yeye hakuonekana. Walitafuta wiki kwa wiki, mpaka pale mto unapoingia ziwani. Mchungaji alikuja, tuliimba, tulilia, watu wakala, wakaondoka. Lakini kaburi hatukuwa nalo.

Na mtu asiye na kaburi, niambie, utaachaje kumsubiri? Mimi nilimsubiri. Kila pikipiki iliyopita barabarani nilinyanyua kichwa. Usiku nilikuwa naacha mlango haujafungwa komeo. Mama mkwe hakuniambia nifunge.

Ile pikipiki Fundi Saidi aliichukua, akaifungua yote, akaosha kila kipande, akaifunga upya. Aliponikabidhi alisema, "Shemeji, chombo hiki kilikuwa cha rafiki yangu. Usikiuze kwa mtu asiyejua kukipanda." Nikamwambia nitakipanda mwenyewe. Na nikakipanda. Nilianza biashara ya vitenge na sabuni, nikawa naenda mpakani Katumba Songwe kuchukua mzigo, nafunga nyuma kwa mpira, narudi Ngonga. Watu walinizoea.

Sasa sikia.

Ilikuwa masika tena, miaka kadhaa baada ya mto kumchukua. Mvua ilikuwa imenyesha toka asubuhi, ikakatika alasiri, na mawingu yakafunguka upande mmoja, jua likapiga mashambani, mpunga wote ukawa unang'aa. Nilikuwa nimetoka Katumba Songwe na mzigo wangu. Barabara ilikuwa tope, natembea taratibu, gia ya pili. Hakukuwa na mtu njiani.

Nikasikia pikipiki nyuma yangu. Pa-pa-pa.

Niamini, mikono iliijua sauti ile kabla ya kichwa. Sikugeuka. Ikaja, ikaja, ikanipita upande wa kulia, karibu kabisa, na harufu ya oili iliyoungua ikanijaa puani. Kijana, shati jeupe limegandamana mgongoni, limelowa. Tangi jekundu. Nikaangalia namba ya nyuma, na ilikuwa namba ile ile ya pikipiki niliyokuwa nimeikalia mimi. Kona ilipokaribia akautoa mguu wa kushoto, akaukung'uta, akaurudisha, akashusha gia.

Wewe ungefanya nini? Wako watakaosema wangesimama, wangeomba, wangegeuza. Mimi nilikamua mafuta. Sikuwahi kuendesha vile maishani mwangu, kwenye tope, na mzigo nyuma. Gurudumu linakwenda kushoto, linakwenda kulia, machozi yananiziba macho, nami nalia jina lake tu. Nilipokaribia aliongeza. Nilipochoka alipunguza. Akaiacha barabara, akashika njia ya katikati ya mashamba inayoteremka ziwani, nami nyuma yake. Mzigo ulianguka mahali fulani, sikujali.

Tulitokea mchangani. Maji yalikuwa yameshuka, ukanda uko mgumu na umelowa kama ilivyokuwa zile Jumapili. Akakata mbio, akaniacha nifike. Tukawa tunakwenda sambamba, bega kwa bega, nami nikamwona uso. Alikuwa hajabadilika. Mimi nilikuwa nimeshakonda, nimeshaota mistari hapa pembeni ya macho, yeye alikuwa kijana yule yule. Ila maji yalikuwa yanamtiririka kwenye nywele, yanashuka shingoni, hayaishi, na mvua ilikuwa imekatika zamani.

Akasimama. Nami nikasimama. Pikipiki yangu ikazima yenyewe. Ya kwake iliendelea kunguruma.

"Umejifunza," akasema. Sauti yake, kabisa.

Nikamwambia, "Twende nyumbani. Mama yupo, anakungoja."

Aliangalia chini kama mtu aliyeulizwa jambo asilolijua. Halafu akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja. "Panda."

Sikuuliza tunakwenda wapi. Naomba unielewe hapo. Nilijua kabisa kwamba mbele yetu hakuna kitu ila ziwa, nilijua yeye ni nani na amekuwa nini, na hofu sikuwa nayo hata chembe. Nilichokuwa nacho ni furaha. Niliilaza pikipiki yangu mchangani, nikavuka ile hatua moja iliyokuwa kati yetu, nikapanda. Nikamkumbatia kiuno. Nikaegemeza shavu mgongoni kwake, kama zamani, kwenye shati lililolowa. Alikuwa wa baridi, lakini alikuwa yeye. Ningekaa pale mpaka leo.

Akakamua mafuta, injini ikapiga kelele, moshi ukapanda. Na hapo ndipo nilipogundua. Kiti hakitetemeki. Injini ile nimeipanda, najua inavyomshika mtu toka mapajani mpaka meno. Sasa ilikuwa inanguruma mpaka masikio yanauma, lakini chini yangu palikuwa pametulia tuli, kama nimekaa juu ya jiwe. Nikabana kifua mgongoni kwake zaidi, natafuta mapigo ya moyo. Hakuna. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshaingia majini.

Nikashuka. Sijui nani aliyenishusha, miguu yangu ilishuka tu. Maji yalikuwa yananifika magotini.

Hakunishika. Hakunilazimisha. Aligeuza shingo akaniangalia, na niliona kwamba anataka nibaki naye na anataka niende, yote mawili. Nikamwambia, "Ambakisye, mimi bado." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa chakula bado hakijaiva. Akageuka, akakamua, akaingia. Maji hayakuruka. Hayakufanya hata wimbi. Yalimfika kiunoni, yakamfika mabegani, yakafunika nywele zake, na pale chini niliendelea kuisikia pikipiki, pa-pa-pa, inabadilisha gia, inaongeza, inakwenda mbali ndani ya ziwa kama vile chini kule kuna barabara. Nilimfuata mpaka maji yakanifika kifuani. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Nilipogeuka jua lilikuwa linazama. Niliinyanyua pikipiki yangu, nikapiga kiki, nikapiga tena. Haikuwaka. Nikaanza kuisukuma. Kwenye mashamba nikamkuta Mama Tusajigwe, jirani yetu, aliyekuwa anafukuza ndege kwenye mpunga wake. Mzigo wangu alikuwa ameuokota, ameuweka kwenye kibanda. Akanisaidia kusukuma. Njiani akauliza mwenzangu yuko wapi.

"Mwenzangu gani?"

"Nilisikia pikipiki mbili," akasema. "Nikasimama nitazame, nikakuona wewe peke yako. Lakini zilikuwa mbili, mama. Masikio yangu hayajazeeka."

Tulikuwa tumeinama tunasukuma, na njia yote alama zilizokuwa kwenye tope zilikuwa za gurudumu langu tu. Nyingine hakuna.

Kesho yake gari la mpunga likatupeleka Kyela, mimi na pikipiki, mpaka kwa Fundi Saidi. Akafungua tangi, kavu. Siyo kwamba mafuta yaliisha jana, ni kavu, hata harufu ya petroli halina. Akafungua kabureta. Ilikuwa imejaa mchanga wa mtoni umekauka, umekuwa mgumu kama tofali. Alikaa chini.

"Shemeji, hii kabureta niliiosha kwa mikono yangu."

"Najua."

"Chombo hiki hakiwezi kuwaka. Umefikaje nacho ziwani?"

Nikamwambia yote. Alinawa mikono, akainua viganja, akamwombea dua rafiki yake pale pale gerejini, nami nilisimama kando nikasema amina ingawa kwetu ni Wakristo. Kisha akaifunga ile pikipiki, akaiegesha nyuma ya duka. Hakutaka kuigusa tena, wala mimi sikuidai.

Mama mkwe niliogopa kumwambia, lakini nilimwambia. Alisikiliza akiwa anachambua mchele, hakunyanyua macho. Nilipomaliza nikangoja alie, au aniite mwongo. Aliuliza, "Amekonda?"

Nikamwambia hapana, mama, hajakonda.

"Na lile shati jeupe. Ndilo aliloondoka nalo?"

"Ndilo."

Akachambua, akachambua. "Basi anasikia baridi," akasema. "Ndaga, asante mwanangu, kwa kuwa umemshika." Usiku ule alifunga komeo la mlango yeye mwenyewe, na sote wawili tukalala.

Miaka imepita mingi, mama mkwe amekwenda, Kyela imejaa bodaboda za vijana wasiojua hata oili ilichanganywaje. Sikuolewa tena. Waliokuja walikuwa watu wema na niliwaambia hivyo. Na hili shavu la kushoto, nililoliegemeza mgongoni kwake, halina hisia toka siku ile. Ukinichoma kwa sindano sijui. Hospitali wamelitazama, wamelipiga picha, wanasema halina ugonjwa. Asubuhi za masika huwa ni la baridi, limelowa, na mto wangu umelowa upande huo.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayepanda pikipiki, hasa wewe uliyepoteza mtu. Ukiwa njiani akakupita mtu wako, ukamjua kwa mgongo wake na kwa namna anavyoingia kona, mwache apite. Zima, shuka, kaa pembeni ya barabara mpaka sauti iishe. Usimfukuze hata kidogo, na ukimfukuza usipande. Watu hudhani hatari yake ni kufa. Mimi sikufa. Nilishuka, nikarudi nyumbani, nikalima, nikauza, nikazeeka, na hakuna msimu wa mvua uliopita nisijiulize kwa nini nilishuka.

Mwache apite, tafadhali.