Kazi ya Kuishia Njiani

Fundi cherehani wa mtaa wetu anajulikana kwa msimamo mmoja: kitu ukikianza, kimalize. Huyasema hayo akiwa amekaa katikati ya magunia ya nguo za watu zisizo na vifungo, na huyasema kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu. Ukimuulizia suruali yako, atakuambia imebaki pindo tu. Pindo la fundi huyu lina umri. Wapo wateja walionenepa wakilisubiri.

Binti yake alianza kukimbia kwa sababu hiyo. Baba alikuwa akimaliza gauni la harusi wakati bibi harusi amekwisha kufika ukumbini na amejifunga shuka, na wa kulipeleka alikuwa mmoja tu. Watu walipomwona msichana anakata kona na mfuko kichwani, waliulizana, "Leo anaolewa nani?" Shangazi yake, dada wa fundi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alimwita Kiguunjia, yaani mtoto asiyetulia nyumbani. Halikuwa jina la sifa, na kama kawaida ya majina yasiyo ya sifa, lilimkaa vizuri. Wataalamu husema vipaji huibuliwa kwa mpango maalumu. Hiki kiliibuliwa na uongo wa baba mtu.

Shuleni aliwashinda wote, mpaka mwalimu wa michezo akamkabidhi kwa wakala, bwana mwenye simu mbili na suti ya michezo ambayo haikuwahi kuonja jasho. Wakala alimtazama akikimbia, akaona jambo adimu: msichana anayeshika kasi moja bila kuyumba, kilomita baada ya kilomita, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Ulimwengu wa riadha una njia yake ya kuheshimu kipaji cha namna hiyo. Humfanya mwenye nacho sungura.

Sungura, kwa asiyejua, ni mkimbiaji anayelipwa kuwatangulia wenzake kwa kasi waliyoiagiza wenye mashindano. Huwakinga upepo, huwashikia mwendo, na wakifika kilomita ya thelathini au karibu na hapo, hujitoa pembeni ili wenye mbio zao wakashinde. Ni kazi halali, ina mkataba. Kasoro yake ni kwamba haielezeki kwa fundi cherehani.

Siku ya kwanza alipoonyeshwa kwenye televisheni, cherehani ilitolewa nje kupisha viti, na mtaa ukahamia sebuleni. Kiguunjia alikuwa mbele. Wenzake walimfuata nyuma kama vifaranga. Mwenye bucha alianza kumtaja mwanawe wa kiume, kwamba ni kijana mtulivu na bado hajaoa. Fundi akasimama, akaweka kola sawa, akaanza kupokea mikono ya pongezi. Hajamaliza safu ya kwanza ya viti, binti akapunguza mwendo, akasogea kando, akaegemea kizuizi, akapewa blanketi.

Mwenye bucha akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Labda anafunga kamba za viatu," alisema shangazi.

"Kwa blanketi?" akauliza mwenye bucha.

Binti aliporudi nyumbani, hakuna aliyempokea begi.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema baba.

"Baba, ndiyo kazi yenyewe. Nalipwa nisimalize."

"Nani anamlipa mtu asimalize kazi?"

Binti aliyatazama magunia ya nguo, akalibeba begi lake mwenyewe akaingia ndani.

Miaka ikaenda. Kiguunjia aliishia njiani katika miji mingi mikubwa, na kila alipoishia, nyumbani palizuka maendeleo: bati jipya, sakafu ya vigae, cherehani ya umeme. Fundi aliikalia cherehani hiyo, akaiendesha bila kutoa jasho, huku akiwasimulia wateja masikitiko yake juu ya mtoto asiyefika mwisho wa jambo. Mtaani kila mtu alikuwa daktari. Mwenye bucha alisema tatizo ni kutokula nyama, na hakuna aliyeshangaa. Shangazi alisema ni moyo. Si kwamba anaumwa moyo, bali hana.

Alichokitaka Kiguunjia sasa kilikuwa kidogo, hata akaona aibu kukitaja: baba amwone akivuka mstari. Mara moja tu, kabla macho ya mzee, ambayo siku hizi yalihitaji mtu wa kumtungia uzi sindanoni, hayajashindwa na televisheni pia. Akamwambia wakala anataka kukimbia mbio zake mwenyewe. Wakala alimsikiliza kwa uchungu wa mtu ambaye ng'ombe wake wa maziwa anaomba kustaafu.

"Dada, wakimbiaji wa kawaida ni kama mchanga. Sungura mzuri hapatikani. Ukitoka, nafasi yako naijaza, na sikuiti tena."

"Usiniite."

"Kwani utashinda?"

"Sijui. Sijawahi kufika huko nikajua kukoje."

Safari hii viti sebuleni vilitosha na kubaki. Aliyeongoza alikuwa msichana mwingine kabisa. Kiguunjia alikuwa kule nyuma, amevaa kofia ya kijani, anaonekana na kupotea.

"Ameshuka huyu," alisema mwenye bucha. "Zamani saa hizi tungekuwa tumeshapongezana."

Kisha yule wa mbele naye akajitoa pembeni, akapewa blanketi.

"Ona, kumbe ugonjwa wenyewe unaambukiza," alisema mwenye bucha.

Fundi alikuwa amesogeza kigoda mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

Mshindi akavuka mstari, akavishwa bendera, akapewa maua. Watu wakaanza kuaga. Mbio zikishapata mwenyewe, waliobaki barabarani ni wapita njia tu. Mtangazaji akamkamata mshindi amhoji. Shangazi akanyoosha mkono kuzima.

"Acha," alisema fundi.

"Zimeisha, kaka."

"Hazijaisha. Acha."

Nyuma ya bega la mshindi, pembeni kabisa mwa kioo, kofia ya kijani ilivuka mstari, ikainama chini. Halafu likaja tangazo la sabuni.

Simu iliita jioni.

"Baba, umeniona?"

"Nimekuona. Ulikuwa wa ngapi?"

"Wa tisa."

Fundi alilitafakari jambo hilo. "Sasa hao wanane walikuwa na haraka gani?"

"Ndivyo walivyo, baba."

"Huku wanasema umeshuka."

"Na wewe unasemaje?"

Mzee akakunja uso kama mtu anayetafuta tundu la sindano.

"Miguu inauma?" aliuliza hatimaye. Katika miaka yote aliyoongoza, hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kumuuliza hilo.

"Inauma sana."

"Basi umemaliza," alisema fundi, akampa simu shangazi, ambaye alikuwa na maswali kuhusu wale wanane.