Matuta ya Mviringo na Siku ya Mkaguzi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenipa pumzi miaka yote hii, akanipa na chaki mkononi kabla sijajua la kufanya nayo. Sifa zote ni zake. Mengine niliyapata kwa watoto na wazazi wao.

Mimi ni mtoto wa Kabwe, ziwani. Nilipangiwa shule ya msingi ya kijiji kimoja huku juu uwandani, ambako upepo wa asubuhi ulinifanya nivae makoti mawili na wanafunzi wanitazame kama mgonjwa. Zilikuwa siku za ruksa, biashara huria imeruhusiwa. Malori ya wafanyabiashara yalifika hadi vijijini kununua mahindi, na mitumba ilijaa sokoni Sumbawanga. Chaki tu ndiyo ilikuwa bado haijasikia habari za ruksa.

Nilikuwa sijathibitishwa kazini. Mkaguzi wa shule akatangaza kwamba atakuja Jumatatu kuniona nikifundisha kilimo, kupanda maharage kwa mistari. Mwalimu mkuu akanipeleka kwenye kipande cha nyasi nyuma ya darasa la sita.

"Mwalimu, hapa ndipo utakapothibitishwa," akasema. "Au utarudi kwenu kuanika dagaa."

Wiki nzima mimi na darasa la sita tulichonga vigingi na kuvuta kamba kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Ijumaa nikamwomba mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mmoja mpole, anitafutie wazazi wachache wa kutifua udongo. Kisha nikadandia lori la mahindi kwenda mjini kutafuta chaki, na Jumapili nikasali huko huko.

Niliporudi jioni, sikuona mstari hata mmoja. Shamba lote lilikuwa limejaa matuta ya mviringo, yamefika magotini, kama vyungu vilivyopinduliwa. Wazazi hawakuja wachache. Walikuja kijiji kizima, na pombe ya ulezi, kama wanavyolimiana wao kwa wao: nyasi zinapinduliwa, zinafunikwa kwa udongo zioze, na maharage yanapandwa juu. Vigingi na kamba zangu walikuwa wamezikusanya kwa adabu na kuziegemeza ukutani.

Mzee mwenyekiti alikuwa amekaa hapo akinisubiri nishukuru.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuonea huruma. Hizo kamba zako zilikuwa zinatukwaza miguu."

"Mzee, kesho anakuja mkaguzi. Anataka mistari."

Akalitazama shamba. "Mistari ya nini kwenye nyasi? Wewe ni mtu wa samaki, tunakuelewa. Kalale."

Nilikwenda kumweleza mwalimu mkuu. Alichungulia dirishani, akachungulia tena. "Sali," akasema. "Lakini na somo uandae."

Nilisali. Sikuomba mkaguzi augue, ingawa wazo lilipita. Alfajiri nilipokwenda kuchukua vigingi nivifiche, nilivitazama pamoja na kamba na yale matuta, nikakumbuka kwamba darasa la sita walikuwa hawajaelewa duara. Nilikuwa nimewachorea ubaoni mpaka chaki ikaisha, wakawa wananiitikia ndiyo kwa huruma.

Mkaguzi alifika na koti zito la mtumba lenye vifungo vya kung'aa, kama mpiga tarumbeta. Alinikuta shambani. Wanafunzi walikuwa wamezunguka matuta: hawa wanazungusha kamba chini kupima mzingo, hawa wamesimamisha vigingi viwili na kunyoosha kamba juu ya kilele kupima kipenyo.

"Mwalimu, ratiba inasema kilimo."

"Ndiyo, ndugu mkaguzi. Tumeanza na hesabu yake."

Akageukia binti mmoja, mjukuu wa mwenyekiti. "Mwalimu wenu amewafundisha kupanda kwa mistari?"

"Ametufundisha," binti akajibu. "Wazee ndio hawakuwepo darasani."

Mkaguzi alikohoa. Watoto wakamwonyesha: mzingo ni kipenyo mara tatu na kitu kidogo, tuta hili hivyo, na lile hivyo. Akachukua kamba akapima mwenyewe, akachagua tuta la pembeni, na hesabu ikakataa.

"Hilo liache," binti akamwambia. "Hilo ni la babu. Alilima mwisho, pombe imeshamwingia."

"Lile ni duara," mzee akasema kutoka ukutani, kwa kuwa alikuja kuhakikisha nashukuru. "Limelala kidogo tu."

Mkaguzi aliinama, nikadhani anapima tena, kumbe anacheka. Alipoondoka alimwambia mwalimu mkuu kwamba kijana ametumia mazingira, na athibitishwe. Mwalimu mkuu alisubiri gari litokomee ndipo akaketi chini.

Somo la mistari, lile binti alilonitolea ushahidi, nililifundisha juma lililofuata, ubaoni. Maharage yalistawi sana, na tangu hapo sikuomba wazazi msaada bila kubaki kijijini kuusimamia.

Nawe unayesoma, hasa kama una darasa lako, Mungu akujalie afya na uvumilivu. Akupe majirani wa kukulimia usipokuwepo, na asubuhi yake akupe akili ya kupima walichokulimia. Amina.